Matundu Arobaini na Matano

Nikiwa darasa la nne huko Bungoma nilimng'ata mwenzangu mkono kwa sababu alisema baba yangu ni mwongo. Nilichapwa, nikarudi nyumbani macho yamevimba, nikamwambia baba, "Leo umeniponza." Hakuuliza kwa nini. Mji wote, kuanzia stesheni ya reli hadi mtaa wetu wa karibu na msikiti, ulijua habari ya gari lake.

Habari yenyewe ni hii. Alipokuwa kijana, kabla hajaoa, baba alifanya kazi ya kuchomelea vyuma kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Ndalu. Mzungu huyo alikuwa na gari la zamani la jeshi, lenye magurudumu sita na tumbo la mashua. Jumapili alikuwa anapakia wageni wake, anateremka nalo katikati ya mahindi, anaingia bwawani bila kusimama, anawazungusha kuona ndege na Mlima Elgon, halafu anatokea ng'ambo huku gari likichuruzika maji, wanaenda kunywa chai. Siku moja alimpandisha baba. Wakazunguka mara moja tu. Baba aliporudi Bungoma na kufungua karakana yake, akawasimulia wenzake barazani baada ya sala ya alasiri, na siku hiyo hiyo akapoteza heshima yake.

Aliyemcheka zaidi ni rafiki yake wa chanda na pete, fundi cherehani ambaye duka lake liligusana na karakana yetu. Mvua ikinyesha na barabara kujaa maji, alikuwa anatoa kichwa mlangoni na kusema, "Leo ndiyo leo, bana. Lete lile gari lako lituvushe." Watu wanacheka, baba anacheka nao. Ilikuwa hivyo miaka nenda miaka rudi. Na mimi, acha niseme ukweli, nilipofika sekondari niliacha kumwamini. Sikumwambia, lakini nadhani alijua, maana aliacha kunisimulia.

Kazi alinifundisha yeye. Nilikuwa mtoto wake pekee, na watu wakimwambia kuchomelea si kazi ya msichana, alikuwa anawajibu kwamba chuma hakijui nani ameshika rodi. Ndoa yangu ya Kitale ilipovunjika, sikurudi Bungoma. Nilifungua karakana yangu Kibomet, pembeni mwa mji wa Kitale, nikawa natengeneza mageti, madirisha, majiko na mikokoteni. Wateja walikuwa wanasimama mbele yangu, miwani ya kazi usoni pangu, wananiuliza fundi yuko wapi. Nilikuwa nawaambia amekufa, tulimzika juzi, semeni shida yenu.

Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zinaanza kuingia mikononi mwa mafundi. Mwezi wa pili, jua kali, akaja mtu kuniita shambani kwa bibi mmoja upande wa Ndalu. Bibi huyo na marehemu mumewe walitoka Mkoa wa Kati baada ya Uhuru, wakanunua sehemu ya shamba la mzungu, wakalea watoto wao pale kwa mahindi na maziwa. Kila mtu alimwita Cucu, yaani nyanya kwa lugha yao, nami nikamwita hivyo. Alitaka nitengeneze bawaba za mlango wa ghala la mahindi, kwa sababu mlango ulikuwa umeng'oka.

Ghala lilikuwa chini ya paa la mabati, kuta za fito na waya wa kuku, limesimama juu ya kitu kikubwa cha chuma kilichomezwa na nyasi. Nilipiga magoti kuangalia kitako chake, nipime mlango ulikuwa umekaaje, nikaona gurudumu. Nikasukuma nyasi nikaona la pili, na la tatu. Nikazunguka upande ule mwingine, matatu tena. Nyuma, ndani ya magugu, kulikuwa na panga la kusukuma maji lenye mabawa matatu, limeshika kutu lakini zima.

Niliketi pale pale chini. Watu wakisikia hadithi hii hudhani nilifurahi. Sikufurahi hata kidogo, niliona aibu. Miaka yote hiyo baba alikuwa anasema kweli, na mimi, damu yake, nilikuwa nimekaa upande wa wanaocheka.

Cucu alinikuta machozi yananitoka. "Wewe, unalilia mlango?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma ya mgongo. Yeye na mumewe walilikuta limeegeshwa hapo, akasema, na hakuwahi kuliona majini. Halafu akaniambia kwamba mahindi yakishauzwa, watu wa chuma chakavu watakuja kulikata vipande. Walikuwa wameshakuja kuliangalia mara mbili.

"Cucu, usiwape."

"Nikae nalo nifanye nalo nini? Nimezeeka, na panya wamejaa humo."

"Nitalitengeneza. Litaelea. Nitakuwa naleta watu hapa, shule, makanisa, watu wa mjini, nawazungusha bwawani kama yule mzungu. Shamba lako litajulikana."

Aliniangalia kuanzia ovaroli mpaka viatu. "Mvua ikijaza bwawa, nataka kuona. Likiingia majini likatoka, wa kwanza kupanda ni mimi na wamama wa kanisa letu. Likizama, watu wa chuma wanakuja kesho yake. Tumesikizana?"

Tukapeana mkono. Nilikuwa na haraka kuliko yeye alivyojua. Baba alikuwa na presha ya macho. Daktari alishamwambia jicho la kulia limekwisha, na la kushoto linakwenda, hakuna dawa ya kulirudisha, ni ya kulichelewesha tu. Nilitaka aone gari lile likielea, na nilitaka wale waliomcheka wakae ndani yake, kabla jicho lile halijafunga. Sikutaka kitu kingine duniani mwaka ule, na nilikuwa tayari kugombana na yeyote.

Wiki iliyofuata tuliondoa fito na waya, tukachota mabaki ya mahindi, magunzi, vumbi na viota vya panya. Niliingia ndani ya tumbo la gari na fagio na tochi. Mbao za sakafu ziliondolewa zamani, mahindi yalikuwa yanalala moja kwa moja juu ya chuma. Nilipofagia mpaka chini, mwanga ukaanza kupenya kutoka nje. Kulikuwa na tundu, halafu jingine, halafu nikaona ni mengi, yamejipanga.

Wengine wangesema ni kutu. Kutu hula ovyo. Haya yalikuwa yametobolewa kwa drili, ya ukubwa mmoja, matano matano: manne pembeni na moja katikati, kama tano ya dadu. Nikapitisha kidole kwenye mdomo wa tundu moja. Ulikuwa umepigwa tupa, ndani na nje, laini kabisa, ili gunia lisikwaruzike.

Mimi hutoboa hivyo hivyo. Baba alinifundisha: ukitoboa kwa mstari, chuma kitapasuka kwa mstari, kwa hiyo toboa tano, acha nafasi ya ngumi moja, toboa tano nyingine, na ukimaliza piga tupa pande zote mbili, hata upande ambao mteja hataona. Sijawahi kukutana na fundi mwingine anayefanya hivyo, si Kitale, si Bungoma. Nilihesabu tano tisa. Matundu arobaini na matano, yote ya mkono wa baba yangu.

Kesho yake mchana nilikuwa njiani kwenda Bungoma, hasira imenipanda mpaka kwenye masikio. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta barazani na rafiki yake, wamemaliza alasiri, wanakunywa chai ya tangawizi. Fundi cherehani aliponiona tu akaanza. "Karibu, binti yetu. Umekuja na gari ya kawaida ama umekuja na ile ya babako?"

"Nimelipata," nikasema. "Liko Ndalu."

Alicheka, akidhani nami nimejiunga na mchezo. Baba hakucheka. Aliweka kikombe chini, akakosea meza, chai ikamwagika, akainuka akaingia karakana. Nikamfuata.

"Baba, matundu yale ni yako."

Alikaa juu ya gogo lake la kazi. Akasugua magoti.

"Mzungu alipoondoka," akasema, "mwenye shamba mpya alinirudisha kazini. Akaniambia ile kitu inajaa maji ya mvua, mahindi yanaoza. Vizibo vya chini vilikuwa vimeshikana kwa kutu, havifunguki. Akasema, fundi, toboa. Nikatoboa."

"Na ulijua ni mashua?"

"Si nilikuwa nimepanda?"

"Mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akasema watoto wake hawali mashua. Ungekuwa mtoto wake wewe, una njaa, ungesema nini? Mahindi ilikuwa inaoza kweli, niliiona kwa macho yangu, nyeusi. Nikafanya kazi niliyoitiwa. Nikafanya vizuri."

"Sasa hawa walipokuwa wanakucheka miaka yote, mbona hukuwapeleka waone hata hayo magurudumu?"

Hapo ndipo alipoinua uso, akanitafuta kwa lile jicho moja. "Niwaonyeshe nini, mama? Kwamba niliona kitu cha ajabu na nikakiua kwa mkono wangu? Fundi? Afadhali waniite mwongo. Mwongo wanakunywa naye chai."

Baba huniita mama akiwa anaumwa au akiwa anaomba msamaha. Nilimfutia chai kwenye kanzu, nikamwambia nitaziba tano nane, na tano ya mwisho atakuja kuziba yeye mwenyewe. Akasema haoni vizuri. Nikasema sikumuuliza kama anaona.

Miezi mitatu iliyofuata sijui niielezeje. Kila siku nikimaliza mageti ya watu nilikuwa naenda Ndalu na jenereta na mashine ya kuchomelea. Nilijua kuziba tundu si kumwaga chuma tu juu yake. Kila tundu nililikatia kisahani cha bati nene, nikakichomelea kutoka nje, nikageuka nikakichomelea kutoka ndani, nimelala chali, cheche zinaniingia kwenye shingo. Tano ya mwisho niliikaza kwa vizibo vya mpira tu, ingoje mkono wa baba. Fundi wa injini nilimpata mjini Kitale, mtu wa vijijini huko Bungoma, mpole, mwenye kulalamika kutoka asubuhi mpaka jioni. Aliondoa injini iliyokufa akaweka ya lori kuukuu. "Dada," alikuwa ananiambia, "hii kitu nitatengeneza, lakini mimi kuingia nayo kwa maji, hapana. Kwetu watu huvuka kwa daraja."

Aliingia. Mvua zilipojaza bwawa, mwezi wa sita, nilimwambia kama haingii nitaliendesha mimi, na alishaniona nikiendesha. Tulikuwa wawili tu siku ile. Gari liliteremka polepole kwenye tope, pua ikazama, nikasikia mwili wangu wote ukikataa, halafu magurudumu yakaachia ardhi. Lilielea. Lilielea kwa muda wa kuchemsha chai, kisha maji yakaanza kupanda miguuni petu kwa nyuma, pale mhimili wa panga unapotokea. "Tuludi, dada, tuludi," fundi akawa anasema, maana akiingiwa na hofu r yote humtoka. Nikapiga pampu ya mkono mpaka mabega yakawaka. Tuliingia kwenye mafunjo tukakwama, trekta la Cucu likaja kutuvuta.

Cucu alikuwa amesimama ukingoni na mwavuli. "Hiyo ni kuelea ama ni kuzama?"

"Ni kuelea, Cucu. Kuzama ni kitu kingine."

"Haya," akasema. "Bado nangoja."

Tulisokota kamba iliyolowekwa grisi, tukaifunga kwenye mhimili, tukajaribu tena. Mara ya tatu halikuvuja. Mara ya nne tulijifunza kwamba usukani wa majini unachelewa kujibu, unakata kona sasa hivi na gari linakumbuka baadaye. Mara ya sita fundi aliacha kulalamika, akaanza kuimba wimbo wa kwao akiwa anazunguka.

Ndipo nikaenda kutafuta ruhusa. Ofisi moja waliniambia chombo chenye panga la kusukuma maji si gari, niende kwingine. Huko kwingine wakaniambia chombo chenye magurudumu sita si mashua, nirudi nilikotoka. Nilirudi. Nikaenda tena. Siku ya tano nilibeba chakula changu, nikakaa kwenye benchi, nikamwambia afisa nitakuwa hapo mpaka atakapochoka kuniona. Alichoka kabla ya saa sita. Akaja Ndalu mwenyewe kukagua, mtu muungwana tu, akatazama injini, pampu na ngazi ya kupandia, kisha akasema: kila abiria lazima avae jaketi ya kuelea, na yeye afisa lazima aione ikifanya kazi.

Jaketi za kuelea Kitale, katikati ya mahindi, utazipata wapi? Nilijua mtu mmoja tu mwenye cherehani ya kushona turubai. Nikaenda Bungoma kwa rafiki ya baba, nikampa kipimo, nikamletea turubai na vipande vya sponji ngumu isiyonyonya maji.

Alivigeuzageuza. "Ati ni za nini?"

"Za abiria wa gari la baba."

"Wewe umekuwa kama yeye." Lakini alishona, na alishona vizuri, mishono miwili miwili, kwa sababu hata angeshona nguo ya mzimu asingekubali ifumuke. Kila jioni alikuwa anawaambia watu wa barazani kwamba anashonea gari la hewa. Baba alikuwa anakaa kando, anasikia mlio wa cherehani.

Afisa alirudi, akaniuliza nani atajaribu. Sijui kuogelea. Nilikulia Bungoma, ningejifunzia wapi? Nikavaa jaketi juu ya ovaroli, nikafunga kilemba changu vizuri, nikajitupa bwawani. Nilikunywa maji ya kutosha, lakini kichwa kilibaki juu. Nilipotolewa nikamuuliza afisa kama anataka niruke tena. Akasema inatosha, akatia sahihi juu ya boneti.

Siku mbili kabla ya safari ya kwanza, nilimleta baba Kitale. Tulifika shambani mchana. Nilimshika mkono mpaka kwenye gari, akaligusa kuanzia puani hadi nyuma, polepole. Akaingia tumboni. Tano ya mwisho, niliyokuwa nimeng'oa vizibo vyake, ilikuwa karibu na pampu, chini ya ubao wa sakafu mpya nilioacha wazi. Nikamvisha miwani ya kazi, nikampa rodi, nikaushika mkono wake kwa juu kama alivyoushika wangu nikiwa msichana.

"Niachie," akasema.

Nikamwachia. Aliziba manne kwa kupapasa, akisema bismillahi kila tundu. La tano, la katikati, rodi iliteleza. Niliona mshono umekaa vibaya, una shimo la sindano. Mtu mwingine ningemwambia arudie. Yeye akapitisha kidole gumba juu yake, akauliza, "Iko sawa?"

"Iko sawa."

Huo ndio uongo pekee katika habari yote ya gari hili, na niliusema mimi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Wamama wa kanisa la Cucu walikuja na vitambaa vyao vya kichwa, wakavaa jaketi wakichekana. Fundi cherehani nilimtumia ujumbe kwamba jaketi zake zinavaliwa, aje aone kama zimekaa vizuri. Alikuja kwa ajili ya hilo. Alishuka akaona gari lile chini ya jua, limepakwa rangi ya kijani, ngazi imeteremshwa, watu wanapanda. Alisimama. Akaenda kugusa gurudumu, akainama kuangalia panga nyuma, akajinyoosha. Nikamkalisha mkabala na baba, karibu na pampu. Cucu akaomba dua kwa Kikuyu, ndefu, na baba akaitikia amina mahali panapostahili. Fundi wa injini akatia gia.

Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati na kuwaeleza wageni wanachokiona. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu kwa wiki nzima. Niliwaonyesha ghala za zamani za mzungu, na mahindi yaliyofika kifuani, na Elgon upande wa magharibi, kilele kimefunikwa na wingu. Tukafika ukingoni. Wamama wakashikana mikono. Pua ikateremka, maji yakapiga kelele pande zote, halafu zile kelele za barabara zikaisha ghafla, tukawa tunaelea. Korongo wawili wenye taji waliruka kutoka kwenye mafunjo. Mama mmoja akasema, polepole kabisa, "Yesu wangu," na wengine wakainama kutazama maji.

Mimi nilikuwa natazama mahali pengine. Kutoka chini ya ubao ule wazi, kwenye tundu la katikati, maji yalikuwa yanapanda kama uzi. Baba alikuwa ameshayahisi. Alivua kiatu, akaweka kisigino chake juu ya tundu, akakikaza pale, uso wake umeelekea mbele kama mtu aliyepumzika. Hakuna aliyeona. Nilisogea karibu na pampu, nikaendelea kuongea habari za ndege.

Tulipofika katikati ya bwawa, fundi cherehani alijikohoza. "Siku ile," akamwambia baba, "mlikuwa wangapi?"

Miaka yote ile hakuwahi kumuuliza swali hata moja. Mtu haulizi uongo maswali.

"Tulikuwa sita," baba akasema. "Mimi nilikaa hapa hapa."

"Na mlipita wapi?"

"Hapa tu. Mara moja."

Fundi cherehani alitikisa kichwa. "Nisamehe, ndugu yangu."

Ningetaka iishie hapo. Nilikuwa nimepata kila nilichokipigania, jicho lilikuwa bado linaona, na aliyemcheka alikuwa ameomba msamaha mbele ya watu. Lakini baba alikuwa na neno lake, na alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka mbele.

"Usiniombe msamaha. Hili gari ni mimi niliyelitoboa. Matundu arobaini na matano. Ningeweza kukataa na sikukataa. Binti yangu ndiye amelifufua."

Nikashika mkono wa pampu.

Cucu aligeuka kwenye kiti chake. Alikuwa amevaa jaketi juu ya koti la kanisani, na kofia ya sufu. "Kumbe ni wewe ile fundi," akasema. "Mzee wangu ndiye alikuita. Mimi ndiye nilikuletea uji, umesahau? Nilikuwa na mtoto mgongoni."

Baba alikuwa hamwoni vizuri. Aliinamisha kichwa kuelekea sauti yake.

"Ule mwaka kabla uje," Cucu akasema, "mahindi yetu yote ilioza humu ndani. Tulilala njaa. Nilizika mtoto. Ukatoboa, ukaenda. Tangu siku hiyo mahindi yangu haikuoza tena. Hata gunia moja. Wengine wote walikua, wakasoma, kutoka kwa hii gari." Akageuka mbele tena, akashika chuma cha pembeni. "Kwa hivyo usiseme ulitoboa kama mtu aliiba. Asante. Nilikuwa sijakuambia."

Baba alisimama. Nadhani alitaka kumwendea, au kumpa mkono, sijui. Aliposimama kisigino kikaondoka, na maji yakapanda kwa nguvu kati ya miguu ya wamama wa kanisa. Nikaruka kwenye pampu. "Baba, kaa chini. Rudisha mguu mahali pake."

Akakaa. Akarudisha mguu. Fundi cherehani akaangalia chini, akaona kisigino kile cheupe kwa maji na ule uzi wa maji uliozibika ghafla, akaelewa. Akavua kiatu chake, akaweka mguu wake juu ya mguu wa baba, akaukandamiza.

Mbele, fundi wa injini alikuwa ameshaanza kukata kona kuelekea ukingoni tulikopaswa kutokea. Baba alikuwa amelielekeza jicho lake la kushoto kwenye maji, halipepesi, analimeza bwawa lote.

"Mwambie azunguke tena," akasema.

Nikamwambia.